Meli ya Nchi Kavu?

Katika tafsiri za habari za kijeshi tumekuta istilahi “meli ya majini na nchi kavu”. Inapotosha. Manowari ya Uingereza Fearless, iliyopeleka askari Falklands mwaka 1982, haikupanda ufukoni: ilijaza matangi yake maji, tezi ikazama kiasi, na mashua zenye askari zikaelea kutoka tumboni mwake. Twapendekeza “manowari ya kuteremshia askari”.

Neno “vipuri” nalo peke yake halitoshi. Fearless, iliyostaafishwa mwaka 2002, ilitumia pia vipuri vilivyong’olewa katika meli pacha yake, Intrepid. Hivyo tuviite “vipuri vya kung’oa”. La sivyo, afisa ugavi ataagiza kipya, apokee kikuukuu, na mkataba usimtetee.