Binti wa Chicago na Msiba wa Mama



Riwaya ya Bibi Erika L. Sánchez, "I Am Not Your Perfect Mexican Daughter", iliyotoka mwaka 2017 na kufika fainali ya National Book Award huko Marekani mwaka huo huo, aghalabu husomwa kama kisa cha binti mkaidi. Kwa maoni yetu hasa ni kisa cha mama, na hapo ndipo penye ubora wake na upungufu wake.

Binti mwenyewe ni Julia, wa Chicago. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Meksiko bila ya karatasi. Mama husafisha majumba ya watu, baba hufanya kazi katika kiwanda cha peremende. Dada yake Olga, aliyekuwa akisifiwa kwa utii, amegongwa na lori akafa. Julia anazama katika huzuni, anagombana na kila mtu. Na wazazi wanaona nini? Utovu wa adabu! Wanamfanyia, tena kwa kuchelewa, quinceañera, ile karamu ya msichana kutimiza miaka 15, huku moyo wake ukizidi kudidimia. Mpaka alipojaribu kujiua akalazwa hospitali ndipo maradhi yake yalipopewa jina.

Usiharakishe kuwahukumu wazazi hao. Katika jamaa nyingi za Walatino wa Marekani, ipo taabu ya moyo isemwayo bila ya haya: huiita "nervios", na mwenye nayo huonewa huruma. Lakini likitajwa neno wazimu, mlango hufungwa, kwani jirani atasema nini? Wala aibu peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Mtu asiye na karatasi huogopa kila meza ambapo ataulizwa jina lake na anapokaa, hata iwe meza ya daktari; na mwenye kulipwa kwa siku, siku ya kwenda kutibiwa ni siku ya njaa. Kuwaambia watu wa namna hiyo kwamba "mila zenu zinawaponza" ni kusema nusu ya neno.

Bibi Sánchez analijua hilo. Julia anapopelekwa Meksiko kwa bibi yake, anapata habari kwamba mama yake alinajisiwa katika safari ya kuvuka mpaka. Ghafla ule ukali wote, ule ulinzi wa kuchosha, unapata sababu. Lakini habari nzito kama hii imekuja kwa kuchelewa mno. Kwa kurasa nyingi mama tumemwona kwa jicho la hasira ya bintiye tu, na msomaji kijana huenda akawa ameshamchukia.

Wako watakaolaumu kwamba kitabu kinachosifu kusema kinamalizika kwa kunyamaza, maana Julia anaamua kutowaambia wazazi siri ya Olga, aliyekufa akiwa na mimba. Sisi hatulaumu. Kumsitiri maiti si sawa na kumwacha mgonjwa bila ya dawa, na mwandishi amefanya vyema kumwacha Julia aijue tofauti hiyo bila ya kutuhubiria.

Lililobaki ni hili. Binti ametibiwa, anakwenda New York kusoma. Mama anabaki Chicago na msiba wake wa mpakani, na kitabu hakituambii atautua kwa nani.