Hati Ukutani: Tabaka na Ardhi katika Nitaolewa Nikipenda, Ikitazamwa kutoka Nakuru

Historia ya maonyesho ya Nitaolewa Nikipenda inajulikana kiasi cha kutohitaji kurudiwa kwa urefu. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliitunga kwa Kigikuyu kwa jina la Ngaahika Ndeenda. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliijadili rasimu yake, wakaisahihisha, na kuanzia tarehe 2 Oktoba 1977 wakaiigiza katika jukwaa la wazi walilolijenga wenyewe. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo leseni ya maonyesho ikafutwa, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1982. Mambo haya ni mazito, lakini yameuachia uhakiki athari moja isiyofaa: tamthilia imezungumzwa mno kama tukio la kisiasa, na kidogo sana kama mchezo wenye wahusika, vyombo na vitendo. Makala haya yanakusudia kukiangalia chombo kimoja tu cha jukwaani, nacho ni hati ya shamba iliyotundikwa ukutani nyumbani kwa Kigunda. Na kuonyesha kwamba maana ya hati hiyo haipatikani yote Limuru. Sehemu yake kubwa iko ng'ambo ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika mashamba ya Nakuru.

Pazia linapofunguka, mtazamaji anaona nyumba ya chumba kimoja ya kuta za udongo. Kigunda anatengeneza kiti kibovu. Mkewe Wangeci anashughulika na chakula. Na juu yao, kama picha ya mtakatifu, imetundikwa hati ya kumiliki ekari moja na nusu. Kigunda ni kibarua wa Ahab Kioi, tajiri na mtu wa kanisa. Kwa hiyo tangu mwanzo anasimama mahali pawili. Kwa ujira wake yeye ni mfanyakazi. Kwa hati yake anajiona mwenye mali. Wahakiki waliomweka Kigunda katika tabaka la wafanyakazi, wakamaliza, wameuruka mgogoro wenyewe wa mchezo huu. Kigunda hadhulumiwi kwa sababu hana kitu. Anadhulumiwa kwa sababu ana kitu kidogo, na kitu hicho kidogo kinamfanya aamini kwamba anaweza kuketi na Kioi na kuzungumza naye kama mkwe kwa mkwe.

Imani hiyo ilitoka wapi? Mchezo wenyewe unatoa jibu, ingawa kwa njia ya mkato. Katika mazungumzo ya Kigunda na majirani zake juu ya siku za kiapo, wanakumbukwa wanawake wa Olenguruone, waliopitishwa Limuru ndani ya malori wakiwa wamefungiwa kama wanyama, wakipelekwa Yatta, nao wakiimba. Msomaji wa haraka hulichukua jambo hili kama pambo la kihistoria. Lakini Olenguruone iko katika wilaya ya zamani ya Nakuru, upande wa milima ya Mau, na habari yake ni habari ya karatasi.

Kuanzia mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makazi huko Wagikuyu waliokuwa wameondolewa katika nchi ya Wamaasai, na wengi wao walikuwa na historia ya uskwota. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji wa kulima kwa masharti. Wao walijihesabu kuwa wenye ardhi, waliopewa badala ya ile waliyonyang'anywa Kiambu. Walipotakiwa kukubali masharti ya kilimo, walikataa. Wakala kiapo cha umoja, na katika kiapo hicho waliingia wanaume, wanawake na hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufukuzwa, nyumba zimechomwa na mazao kuharibiwa. Kwa maneno mengine, jambo lililowatenganisha watawala na watawaliwa pale lilikuwa swali la nani anatambuliwa kwa maandishi kuwa mwenye shamba.

Nyuma ya Olenguruone yako maisha ya maskwota wote wa Njoro, Molo, Subukia, Elburgon na Naivasha. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumfanyia kazi setla siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima na kufuga. Sheria ya 1937 iliyapa mabaraza ya masetla uwezo wa kupunguza mifugo ya skwota na ekari zake. Kipande kiliandikwa jina la mwenye kazi na kuvaliwa shingoni. Mtu aliyekulia katika hali hiyo alijifunza somo moja bila ya kufundishwa shuleni: bwana ana karatasi ya ardhi, na mtumishi ana karatasi ya kazi. Kutoka tabaka moja kwenda jingine, basi, kulionekana kuwa ni kubadilisha karatasi. Ndiyo sababu hati ya Kigunda imetundikwa na haikufichwa sandukuni, mahali ambapo mtu mwenye busara ya kawaida angeiweka. Imewekwa ionwe.

Nao mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliozikusanya na kuzisajili ardhi za Mkoa wa Kati, haukuwa zawadi. Ulitekelezwa wakati wa Hali ya Hatari, wapiganaji wakiwa msituni na maelfu wakiwa vizuizini, na mmoja wa makusudio yake ulikuwa kuunda tabaka la wakulima wadogo wenye cha kupoteza. Kigunda, aliyekula kiapo, anaishia kuishika hati iliyobuniwa kumtenga na kiapo hicho. Watunzi hawalisemi jambo hili waziwazi, na pengine wangalilisema, kwani hotuba ndefu za Gicamba zimelieleza kila jambo jingine.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa upande wa fani, ni ziara ya akina Kioi nyumbani kwa Kigunda. Wangeci na mumewe wanadhani wageni wamekuja kumposa binti yao Gathoni kwa ajili ya John Muhuuni, mtoto wa Kioi. Kumbe wamekuja kuwataka wafunge ndoa ya kanisani, kwa kuwa ndoa yao ya kimila ni dhambi machoni pao. Kichekesho hiki kina uchungu. Pande mbili zinatumia neno lilelile, arusi, kila upande ukiwa na maana yake. Kwa maskini arusi ni ujamaa wa koo mbili. Kwa tajiri ni nidhamu ya mtumishi. Hapa watunzi hawahubiri, na tabaka linaonekana katika kutoelewana kwenyewe. Kigunda anawafukuza kwa upanga. Upanga pia umetundikwa ukutani, na mtazamaji makini atakuwa amekwisha kujiuliza kipi kitashushwa kwanza, hati au upanga. Unashushwa upanga, lakini kinachowaletea wenyeji maangamizi ni hati.

Kwa kuwa baadaye Gathoni amekwenda Mombasa na John, wazazi wanapata tena tumaini la ukwe. Wanakwenda kwa Kioi na kukubali ndoa ya kanisani. Fedha hawana, Kioi anawafungulia njia ya benki, na shamba linawekwa rehani. Nyumba ya udongo inajazwa vyombo vipya na nguo za arusi, pamoja na mapambo ya dini ya namna ileile iliyoko kwa Kioi. Hati imetoka, na mahali pake yameingia maandishi ya tabaka jingine. Kisha Gathoni anarudi akiwa mjamzito na John amemkana. Wazazi wanapokwenda kudai haki, upanga wa Kigunda unakutana na bastola ya Jezebel. Deni linadaiwa, shamba linakwenda, na kiwanda cha dawa za wadudu kilichokusudiwa na wageni pamoja na wenyeji walio wabia wao kinapata mahali pa kujengwa, mbali na pua za matajiri.

Majina ya Ahab na Jezebel yanamrudisha msomaji kwa shamba la mizabibu la Nabothi. Lakini mfano huo wa Biblia unapotosha kidogo. Nabothi alikataa kuuza na akauawa. Kigunda hakukataa: alitia sahihi mwenyewe. Unyonyaji wa kikoloni ulihitaji askari na malori ya kuwabeba watu wa Olenguruone. Unyonyaji wa Kioi unahitaji kalamu tu, na mwenye kunyang'anywa ndiye anayeishika. Hilo ndilo jambo jipya ambalo tamthilia hii inalisema juu ya tabaka katika Kenya huru.

Gathoni anastahili kuliko alivyopewa. Watunzi wanamwonyesha kama msichana anayetamani mavazi mazuri, kisha kama aliyedanganywa, kisha kama mhudumu wa baa anayekataliwa na baba yake mwenyewe. Hana shamba wala hati. Hata jina la mchezo, linalodai uhuru wa mwanamke kuchagua, linageuka kuwa dhihaka juu yake. Tabaka linamwumiza mara mbili, mara moja kwa mkono wa John na mara ya pili kwa mkono wa baba aliyetumaini kupanda daraja kwa mgongo wake. Njooki na Wangeci wanaliona jambo hili kwa kiasi, lakini mchezo unaharakisha kuelekea nyimbo za umoja na kumwacha nyuma. Kwa upande huu Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, kilichotolewa 1981, kimekwenda mbele zaidi. Lanina ni mfanyakazi wa shamba la setla Delamon, naye ndiye anayewaongoza wenziwe katika mgomo, akipambana na tajiri na pia na wanaume wasiotaka kuongozwa na mwanamke. Msomaji wa Nakuru hatashindwa kusikia katika jina la Delamon mwangwi wa Delamere, ukoo uliopewa ekari laki moja Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao jina lake lingali linatajwa Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita.

Tofauti hii ya mahali ina uzito. Shamba kubwa la Bonde la Ufa liliwakusanya vibarua wa kabila mbalimbali chini ya mnyapara mmoja, na lugha ya kazi ikawa Kiswahili. Kijiji cha Limuru katika Nitaolewa Nikipenda kina lugha moja na kumbukumbu moja. Hivyo mstari kati ya Kioi na Kigunda unaweza kuchorwa bila ya kukatizwa na mstari mwingine wowote. Gicamba anaposema kwamba maskini wote ni ndugu, hakuna mtu jukwaani wa kumkumbusha kwamba baadhi ya ndugu hao hawaisemi lugha yake. Jambo hili lilikuwa nguvu ya mchezo Kamĩrĩĩthũ. Likivushwa mpaka Molo au Kuresoi, linakuwa pengo.

Ushahidi wa pengo hilo uko katika historia ya miaka iliyofuata. Baada ya uhuru maskwota wengi na wakulima wengi kutoka Mkoa wa Kati walinunua mashamba ya masetla wilayani Nakuru kwa kuchangishana hisa katika makampuni na vyama vya ushirika. Ekari zilizomwangukia mwenye hisa ndogo hazikuwa nyingi kuliko za Kigunda. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu kama hao walifukuzwa Molo, Olenguruone na kwingineko. Wengi walikuwa na hati mikononi. Waliowafukuza mara nyingi walikuwa vijana wasio na shamba, nao pia wakiwa na malalamiko yao juu ya ardhi iliyochukuliwa na wakoloni na isiyorudishwa. Mhakiki atakayesema kwamba hili lilikuwa suala la kabila tu atakuwa amesahau wenye mashamba makubwa ambao hawakuguswa. Lakini atakayesema kwamba lilikuwa suala la tabaka tu, kwa maneno ya Gicamba, hataweza kueleza kwa nini kibarua alimchomea nyumba kibarua. Tamthilia inatoa nusu ya jibu: inaeleza kwa nini karatasi haimlindi maskini. Nusu ya pili, yaani namna tajiri anavyoweza kuutumia umaskini wa mmoja dhidi ya umaskini wa mwingine, haimo. Na haikuweza kuwamo katika mchezo ambao wahusika wake wote ni watu wa nyumba moja.

Inafaa kuongeza kwamba tafsiri ya 1982 inaubadilisha mchezo katika jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Katika Kiswahili Gicamba hazungumzi tena na kijiji chake peke yake. Neno analolitumia kwa maskini linamfikia Mkipsigis wa Kuresoi, Mluhya wa Njoro na Mturkana aliye kibarua Naivasha, watu ambao mchezo wa awali haukuwahesabu kuwa hadhira yake. Hata jina la Muhuuni, ambalo katika Kigikuyu ni neno la kuazima, linarudi kwao katika lugha lilikotoka. Wanawake wa Olenguruone nao wanabadilika. Limuru walikuwa wageni waliopita barabarani, wakaonewa huruma na kukumbukwa. Mchezo ukiigizwa kwa Kiswahili katika ukumbi wa Molo, watazamaji watakuwa watoto na wajukuu wa waliopakiwa katika malori yale, wakiwa wameketi benchi moja na watoto wa wale wanaosema kwamba Olenguruone ilikuwa yao kabla ya mwaka 1941. Na mwigizaji wa Kigunda atalazimika kuishusha hati ukutani mbele ya macho ya wote wawili.