Mizimu Yote, Swali Moja

Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilipopunguza dodoso lake la ubora wa maisha kutoka maswali 100 hadi 26, mkasi ulipita pabaya. Kazi ya awali ilikuwa safi: vituo 15, Harare kikiwemo, vilijaribu maswali kwa subira.

Kosa ni moja. Nyanja ya imani, iliyosimama yenyewe kati ya nyanja sita, ilisukumwa ndani ya saikolojia, na maswali yake manne yakabaki moja: iwapo mhojiwa anaona maisha yake yana maana. Takwimu ziliridhika na nyanja nne, wataalamu nao wakaridhika.

Sasa lipeleke dodoso hilo Matombo, katika milima ya Uluguru. Maradhi yakikawia, ndugu huanza kuuliza nani amekosewa: mjomba aliyedharauliwa, au tambiko lililoachwa? Mganga anayepiga ramli hatazami mwili mmoja tu. Anatazama lukolo, ukoo wa mama, walio hai na waliozikwa. Dodoso, kwa upande wake, lina maswali matatu ya kijamii: mahusiano binafsi, tendo la ndoa na msaada wa marafiki. Marafiki! Mjomba hayumo. Tena linauliza habari za wiki mbili zilizopita, wakati deni la tambiko laweza kurithiwa tangu enzi za bibi. Mgonjwa aliyepatana na ukoo wake huku goti likimuuma bado atapata alama za goti.

Uluguru imewahi kupimwa hivi. Miaka ya 1950 mabwana shamba walipima miteremko, wakaamuru matuta ya ngazi bila kuwasikiliza wenye ardhi. Mwaka 1955 Matombo ikachafuka na mpango ukafa.

Wapo waliosikiliza. Mwanaanthropolojia Marja-Liisa Swantz, aliyekaa na Wazaramo miaka ya 1960, hakuwa na kipimo cha 0 hadi 100 kama cha dodoso hilo. Wala mwanahistoria Steven Feierman, aliyeeleza jinsi Wasambaa wanavyozungumzia kuponya nchi na kuiharibu, mvua, njaa na utawala vikiwa jambo moja. Lakini wote wawili walijua maradhi huanzia kwenye mahusiano, nao wakakaa chini kusikiliza.

Baadaye dodoso la Shirika lilishonewa kiraka cha maswali 32 juu ya imani, matumaini na utulivu wa moyo. Mhojiwa wa Kinole, hukohuko Uluguru, anaweza kuyajibu yote bila kuulizwa kama wafu wake wanamdai.