Rigveda: Kitabu Kilichohifadhiwa Moyoni

Ukitajiwa kitabu kitakatifu, msomaji, yamkini utawaza karatasi na wino. Lakini Rigveda, iliyo ya kale kuliko zote katika Veda nne za Wahindu, ilidumu karne nyingi vifuani mwa watu kabla ya kuandikwa. Nyimbo zake 1,028, katika vitabu 10, zilitungwa kwa Kisanskriti cha kale, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, yapata miaka 3,000 iliyopita au zaidi. Mwalimu alitamka, mwanafunzi akafuatisha. Tena, ili silabi hata moja isipotee, maneno yalikaririwa mbele na nyuma: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, kisha la kwanza na la pili tena, ndipo wakasonga mbele.

Basi tusiihukumu kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya macho. Kasoro inazo: mtungaji humsifu Indra, au Agni aliye moto, kisha huomba ng'ombe, farasi na watoto wa kiume, na maombi hayo hurudiwa hata msomaji akachoka. Lakini yamchoshayo msomaji humsaidia msikilizaji kukumbuka.

Watungaji wenyewe walilijua jambo la kukariri. Katika kitabu cha 7 umo wimbo wa vyura waliao mvua zinapoanza. Mmoja huifuatisha sauti ya mwenziwe kama mwanafunzi afuatishavyo maneno ya mwalimu. Wako wataalamu walioudhani kuwa ni mzaha, na wengine kuwa ni dua ya mvua. Vyovyote vile, mfano huo ni wa mtu aliyepata kuketi mbele ya mwalimu.

Walakini kilele chake, kwa maoni yangu, ni wimbo wa 129 wa kitabu cha 10, uhusuo mwanzo wa ulimwengu. Mtungaji hasimulii tu, bali huuliza. Ni nani awezaye kuijua asili ya viumbe, ikiwa hata miungu ilikuja baadaye? Mwishowe hushuku kama hata yeye autazamaye ulimwengu kutoka juu mbinguni anajua, au pengine hajui. Wimbo unaishia hapo, pasipo jibu.

Fikiri, ewe msomaji: watu wasioruhusu silabi moja ibadilike ndio waliotuhifadhia swali hili likiwa wazi. Walikariri, wala kukariri hakukuzima fikira zao. Nawe ukariripo somo lako kwa ajili ya mtihani, jiulize kama umehifadhi jibu peke yake, au umelihifadhi pamoja na swali lililolizaa.