Nguvu za Mwanzo: Usinga wa Mwindo na Mchawi wa Daraja la Kwanza

Miongoni mwa wapenzi wa michezo ya kompyuta ya kundi, ile ambayo mchezaji mmoja huongoza wahusika wanne au sita katika nchi ya kubuni yenye mazimwi na mahandaki, kuna ubishi wa siku nyingi: mchawi wa kundi ana nguvu kiasi gani mwanzoni mwa safari? Ubishi huu waweza kuonekana kuwa ni wa watoto. Hata hivyo ndani yake mna swali la kale la utambaji, yaani ni mahali gani katika hadithi panapofaa kuwekwa nguvu za mhusika. Makala haya yanalipima swali hilo kwa utendi wa Mwindo, utendi wa Wanyanga wa Walikale, ambao jibu lake ni kinyume cha lile lililozoeleka katika michezo hiyo.

Kanuni ya michezo hiyo ilitoka mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi na dadu ambao sheria zake zilirithiwa baadaye na michezo mingi ya kompyuta. Katika Baldur's Gate (1998), mchezo wa kundi la watu sita, mchawi wa daraja la kwanza ana pointi za uhai zisizozidi 4, ukiacha nyongeza ya mwili imara, ilhali pigo moja la upanga mrefu laweza kufikia 8. Mchawi wa kawaida huanza na tabano moja tu, yaani fungu moja la maneno ya uganga. Akishalitamka linamtoka akilini mpaka alale na kulisoma upya. Wazo hilo la tabano linalosahaulika lilichukuliwa kutoka kwa Jack Vance na kitabu chake The Dying Earth (1950). Ndiyo maana mchawi husimama nyuma ya wenye ngao, na wachezaji wasio na subira humwona kuwa mzigo. Wapinzani wao hujibu kwamba tabano la usingizi huweza kuwalaza maadui kadhaa kwa mara moja, hata pigo lenye kuamua vita vyote vya saa za mwanzo likawa la yule aliye mnyonge kuliko wote. Jibu hilo lina haki yake. Baldur's Gate 3 (2023) umeupunguza unyonge wenyewe kwa kumpa mchawi tabano ndogondogo zisizokwisha. Lakini mantiki ya msingi ni ile ile ya mkopo: udhaifu wa leo ni bei ya nguvu za kesho, na anayevumilia hulipwa.

Kabla ya kwenda mbele, neno lenyewe lahitaji tahadhari. Mchawi wa michezo hiyo ni msomi mwenye kitabu. Mchawi wa Kiswahili ni mtu wa usiku, mwenye kudhuru, naye mganga ndiye mwenye kutibu na kukinga. Huko Kivu, ambako husemwa mulozi, neno hilo likimwangukia mtu laweza kumfukuzisha kijijini au kumgharimu maisha. Kumwita Mwindo mchawi, kwa hiyo, ni kumhukumu kabla ya kumsikiliza. Anachokishika mkononi ni chombo cha mganga na cha mtawala, na jambo hili litarejewa.

Utendi huu ulisimuliwa na Shekarisi Candi Rureke mwaka 1956, kwa muda wa siku 12, mbele ya watu walioitikia nyimbo zake. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Mateene, mwanaisimu aliyekuwa mwenyewe Mnyanga, alichapisha pia mwaka 1992 sarufi ya Kihunde, lugha ya jirani inayosemwa Masisi. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa matoleo mengine matatu ya habari za Mwindo. Yatakayosemwa hapa yanahusu masimulizi ya Rureke tu.

Mtemi Shemwindo wa Tubondo ametoa amri kwamba wake zake saba wazae mabinti, na mtoto wa kiume atauawa. Mke apendwaye anachelewa kujifungua. Mtoto, akiwa bado tumboni, anamletea mamaye kuni na maji mlangoni. Kisha anajichagulia njia ya kutokea, na hutoka kupitia kidole cha mamaye. Anazaliwa akicheka, akisema, akitembea, na mkononi ana conga, ambao ni usinga, pamoja na tezo na mkoba wa Kahindo, roho wa bahati njema, wenye kamba ndefu ndani yake. Baba anamrushia mikuki, nayo inakosa. Anamzika, naye anatoka kaburini usiku. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma inaelea huku mtoto akiimba ndani yake. Kwa hesabu ya michezo, huyu ameanza safari akiwa na daraja la mwisho.

Hapa ndipo lawama hutokea. Msomaji aliyezoea shujaa anayekua husema kwamba Mwindo hana pa kwenda: asiyeweza kuuawa akiwa na umri wa siku moja, atatishwa na nini baadaye? Mfano unaotajwa ni Sundiata wa Mali, ambaye katika masimulizi yaliyochapishwa na D. T. Niane mwaka 1960 alishindwa kutembea kwa miaka mingi ya utoto wake, kisha akainuka. Kwa kipimo hicho Sundiata ana mwendo na Mwindo amesimama. Lawama hiyo, kwa maoni ya makala haya, imekosea kitu cha kupima. Imepima nguvu za mtu peke yake, kama vile jedwali la mchezo linavyomwandikia kila mhusika pointi zake katika safu yake. Rureke hapimi hivyo.

Tukio la Kasiyembe latosha kuonyesha. Mwindo amefika chini ya maji kumtafuta shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa maji. Kasiyembe, mlinzi aliyewekwa na Mukiti, ametega njiani mashimo yenye wembe na sindano. Mtoto ambaye mikuki ya baba haikumpata angeweza, kwa mantiki ya uwezo wake, kupita bila msaada. Lakini Rureke hamwachi apite hivyo. Nungunungu anamchimbia njia ya chini kwa chini. Buibui anatandaza madaraja juu ya mitego. Mwindo anacheza ngoma juu ya wembe akiwa salama kwa sababu mdudu mdogo amefanya kazi yake, na majigambo anayoimba wakati huo, yakisikilizwa vizuri, ni ya mtu aliyebebwa. Baadaye anamchoma Kasiyembe nywele na maji yote ya kijiji yanakauka hata pasipatikane la kuzimia moto. Hapo nguvu ni zake mwenyewe, nazo zinatisha. Anayezizuia si adui mwenye nguvu zaidi. Ni Iyangura, anayemwomba mpwa wake amhurumie mtu huyo, na Mwindo anamfufua kwa usinga ule ule. Kundi halipo ili kumlinda mganga dhaifu mpaka akomae. Lipo kwa sababu mganga ana nguvu mno tangu asubuhi ya kwanza, na lazima awepo mtu wa kumwambia basi.

Mpangilio huo unaendelea. Wajomba zake Baniyana, ambao ni popo na wahunzi, wanamvika chuma mwili mzima, kana kwamba hakuzaliwa na kinga. Wanakufa wote mbele ya Tubondo kabla umeme wa Nkuba haujashuka kuuteketeza mji, naye anawafufua. Kuzimu anashauriwa na Kahindo, binti Muisa, mwenye madonda ambayo Mwindo amekubali kuyaosha: asikalie kiti atakachopewa, asinywe, asile. Muisa anampiga kwa mkanda wake hata anaanguka kama maiti, na ni usinga unaojiinua wenyewe kumrudishia uhai. Kipande hiki chote cha Muisa, ni kweli, kinachosha kikisomwa kitabuni. Kazi moja hufuatwa na nyingine, kipigo kwa kipigo. Mbele ya hadhira kulikuwa na kayamba la kibuyu, njuga za miguuni na kijiti cha kupigia mapigo, na marudio hayo ndiyo yaliyowapa watu nafasi ya kuitikia. Chapa imebakiza marudio na kupoteza mwitiko.

Lakini hakuna mahali ambapo fikra ya Rureke kuhusu nguvu inaonekana wazi kama katika mchezo wa wiki, nao ni mchezo wa kamari. Sheburungu, mungu ambaye Shemwindo amekimbilia kwake, anamwalika Mwindo kucheza. Hakuna vita. Mwindo anashindwa, tena anashindwa vibaya, akipoteza mali na watu wake duru baada ya duru. Mwisho amebakiwa na usinga tu. Anauweka rehani, na kwa duru hiyo anarudisha vyote na kumpata baba. Mtunzi wa michezo ya leo angeshangaa: kifaa cha kwanza kabisa, alichopewa mhusika kabla hata ya kuzaliwa, ndicho kinachowekwa hatarini mwishoni. Hakikuongezwa daraja wala hakikubadilishwa kwa kilicho bora. Hadhira iliyousikia usinga huo tangu siku ya kwanza ilijua thamani yake haswa, na ndiyo maana duru ile inatia hofu. Lawama ya kwamba nguvu za mwanzo huua taharuki inaishia hapa.

Baada ya kuketi kitini Mwindo anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Zimwi Kirimu linawaua baadhi ya wawindaji wake, naye analiua zimwi. Katika mchezo wa kundi huo ungekuwa ushindi wa mwisho na hazina yake. Katika utendi ni kosa, kwa kuwa Kirimu ni rafiki wa Nkuba. Nkuba anamchukua Mwindo mbinguni kwa mwaka mmoja, ambako mvua inamlowesha, mwezi unamchoma nywele, baridi na jua vinamtesa, na majigambo yake hayana nafasi. Anarudi akiwa amekatazwa kuua mnyama yeyote, na sheria anazowapa watu zinahusu kulima vyakula vingi, kujenga nyumba nzuri, kutogombana na kutomcheka mlemavu. Mstari wa nguvu zake, kama ungechorwa, ungeanzia juu na kushuka, na ni katika kushuka huko ndipo anapokuwa mtemi.

Usomaji huu si suala la darasani tu kwa watu wa Walikale na Masisi. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na tangu hapo kizazi baada ya kizazi cha vijana kimeingizwa katika makundi ya Mai-Mai, ambako mganga huwanyunyizia maji ya kuzuia risasi. Kijana asiye na mafunzo hupewa kinga ya Mwindo siku ya kwanza. Kinga hiyo huja na miiko, kama vile kutoiba na kutomkaribia mwanamke, na akipigwa risasi husemwa kwamba amevunja mwiko. Mwanafunzi anayesoma kurasa za mwanzo za utendi peke yake, mikuki ikikosa na kaburi likifunguka, anaweza kudhani amekuta hati ya kuhalalisha maji hayo. Anayefika kwa Nkuba hawezi kudhani hivyo.

Wasomaji wa Kiswahili wana tamthilia ya kuweka kando ya utendi huu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka ule ule wa 1969, nayo inahusu maji ya vita vya Majimaji vya 1905. Kinjeketile ni kinyume cha Mwindo: uganga wake mwilini haupo kabisa, neno lake lina nguvu kupita kiasi, na likishatoka kinywani linakuwa kubwa kuliko yeye. Kwa hukumu ya makala haya Hussein amekwenda mbali zaidi ya Rureke katika jambo moja, kwani ameonyesha gharama wanayolipa waliomwamini mganga, ilhali wajomba wa Mwindo hufufuliwa na hesabu yao ikafutwa. (Roho wa Kinjeketile huitwa Hongo, na mungu wa Wanyanga huitwa pia Ongo. Mfanano huo usimshawishi mwanaisimu bila ushahidi.) Hata Fumo Liyongo wa utendi wa Muhamadi Kijuma (1913), mwenye nguvu tangu mwanzo, alitoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate na kuletwa na kijakazi.

Limebaki suala la tafsiri. Chapa ya Kiingereza imeutafsiri conga kwa neno la fimbo ya kifalme, na anayeupitisha kwa Kiswahili kutoka hapo ataandika fimbo ya enzi, au, akiwa ameathiriwa na michezo na filamu, fimbo ya uchawi. Zote mbili zapoteza. Neno usinga lipo katika Kiswahili cha pwani na bara, ni la mkia wa mnyama, hushikwa na mganga na hushikwa na mtawala, na mwenye kuushika huweza kufukuza inzi tu. Shughuli hizo zote zimo katika mkono mmoja wa Mwindo.

Na kamba ile ya mkobani haipaswi kusahauliwa na mtafsiri. Mwindo anaposhuka kuzimu anamwachia Iyangura ncha yake: ikitikisika yu hai, ikitulia amekufa. Wakati Muisa anampiga, utendi unapanda juu, kwa shangazi aliyekaa na ncha ya kamba mkononi, na kamba haitikisiki.