Kabla ya Kutia Saini

Nyundo, mji wa Rwanda jirani na mto Sebeya, ina shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952. Mchongaji mzuri wa huko hapokei gogo kwa unene wake. Huligeuza, akatazama nyuzi na nyufa zake, ndipo akashika patasi. Jicho hilo analo pia mshauri mwelekezi wa kujitegemea anayeletewa kazi mbili kwa wakati mmoja akajua ipi ya kushika. Ufundi wake hauna cheti wala maonyesho, nami nausifu kwa moyo wote.

Mei 2023 Sebeya ilifurika na kuvamia nyumba za watu, katika mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Chukua mfano wa kazi ya kuzihoji kaya zilizokumbwa na maji hayo. Mteja wa kwanza anaahidi dola 300 kwa siku, kwa siku 20: jumla 6,000. Wa pili anatoa dola 220 kwa siku 25: jumla 5,500. Mwenye pupa ameshatia saini kwa wa kwanza.

Fundi hufungua hadidu za rejea na kuzisoma mpaka mstari wa mwisho. Mteja wa kwanza amemwachia mshauri usafiri na posho za wadodosaji, tuseme dola 1,200. Dodoso liwe la Kinyarwanda na ripoti iwe ya Kiingereza, lakini siku za kutafsiri hazimo. Ripoti itarekebishwa mpaka mteja aridhike, na malipo yote yatafuata hapo. Fundi anaorodhesha kila siku ya kazi halisi, zinafika 32. Dola 4,800 zilizobaki, kwa siku 32, ni dola 150 kwa siku. Mteja wa pili anagharimia wadodosaji na usafiri, tafsiri ameihesabu, marekebisho ni mara mbili tu, na sehemu ya fedha inatoka ripoti ya awali ikipokelewa. Kodi nayo haisahauliwi: nchini Rwanda, mtoa huduma asiyesajiliwa na mamlaka ya mapato hukatwa asilimia 15 ya malipo yake.

Baada ya fedha huja kalenda. Masika ya huku ni kuanzia Machi hadi Mei. Mkataba unaotaka kaya zote zifikiwe ndani ya wiki moja ya Aprili unamtuma mdodosaji apande vilima vya utelezi chini ya mvua, na akichelewa, ajaze dodoso kwa kukisia. Mama aliyepoteza nyumba ataandikiwa jibu ambalo hakulitoa. Fundi huliona hilo mapema, akaomba wiki zaidi. Akinyimwa, hukataa kwa barua fupi yenye shukrani, tena haraka, ili mteja apate muda wa kutafuta mwingine.

Ndiyo maana siuiti ufundi huu ujanja wa kutafuta pesa. Ahadi ni deni, na deni hili lina wadai wengi: mteja, wadodosaji, na kaya zilizofungua milango yao. Anayepima kazi sawasawa huahidi kile tu anachoweza kukitimiza, na ripoti yake inastahili kuaminiwa na yule atakayeamua nani ajengewe nyumba.