Kichomi: maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi aliita diwani yake Kichomi: jina la maumivu ya kuchoma ubavuni, likabebeshwa maumivu ya fikra. Nimeisoma hapa Bagamoyo nikiwa na mazoea ya kujishika mshipa kila saa, ingawa daktari kashanipima na kusema moyo hauna tatizo. Hofu huukimbiza moyo. Moyo ukikimbia, hofu inapata ushahidi. Ukijikagua unatulia kidogo, halafu unaanza upya. Ubora wa Kezilahabi ni kwamba hana haraka ya kututuliza. Swali analiacha wazi, msomaji ulale nalo. Ndivyo ninavyojizoeza: naahirisha kujipima dakika tano, kisha kumi. Wengi husema jina la mji huu limetokana na "bwaga moyo". Kumbe kuubwaga kunaanza na kuuachia mshipa.